Sabalkheri ya Jangwa Lisilokuwapo

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakusema "habari za asubuhi" maishani mwake. Alisema sabalkheri, nasi tukamjibu, na kama sebuleni kulikuwa na mgeni hakugusa birika la chai mpaka maamkizi yamekwisha yote. Kwa hiyo usiku ule nilipofika kurasa za mwisho za riwaya moja ya Kimarekani, kwenye faharasa ya maneno ya watu wa kubuni wanaoishi jangwani katika sayari nyingine, nikakuta wao huamkiana "Subakh ul kuhar", nilicheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta wa mabati kuuliza kuna nini.

Mwarabu husema sabah al-khayr, akajibiwa sabah an-nur, asubuhi ya nuru. Wale wa riwayani hujibiwa "Subakh un nar". Nari! Aliyepitia tenzi mbili tatu anajua nari ni moto. Ama mwandishi aliteleza, ama aliona kwamba katika sayari ile asubuhi haiji na nuru, huja na moto. Nimeamua kushika hiyo ya pili, maana pale nilipokuwa nikikisoma kitabu chenyewe asubuhi ilikuwa hivyo hivyo.

Kitabu ni Dune cha Frank Herbert, kilichotoka 1965. Watu wenyewe ni Wafremen, wakaazi wa Arrakis, sayari isiyojua mvua. Wengi wenu mmewajua kupitia filamu za Denis Villeneuve za 2021 na 2024. Mimi niliwajua kwa nakala iliyoachwa na mwalimu aliyenitangulia katika nyumba ya walimu, kando ya jangwa la Chalbi, huko Marsabit. Jalada lilikuwa limekwisha kutoka na kila nilipofungua ukurasa mchanga ulinimwagikia mapajani. Mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, nimepelekwa kufundisha sayansi mahali ambapo serikali yenyewe hukulipa marupurupu ya mazingira magumu ili ukubali kukaa. Majirani zangu walikuwa wakikaa pale pale, jua lile lile, bila marupurupu.

Nilikisoma kitabu kile mara tatu katika miaka miwili. Hakikuwa bora kuliko vyote nilivyosoma, ila hapakuwa na kingine. Na kila niliporudi kukisoma nilizidi kuona kwamba watu wanaowasimulia Wafremen, hata mashabiki wakubwa, huwasimulia kama watu wamoja: wakali, wacha Mungu, wa visasi, hawacheki. Sivyo. Mle ndani mna Wafremen namna namna, na tabia zao hazigawanyiki kwa damu wala kwa kabila. Zinagawanyika kwa umbali wa maji.

Kwanza niseme kidogo juu ya maneno, maana msomaji wa Kiswahili ana raha ambayo msomaji wa Kiingereza hana. Herbert alizoa Kiarabu kwa mikono miwili. Kiongozi wa Wafremen ni naib, mtu aliyekula kiapo cha kutotekwa na adui akiwa hai. Kwetu naibu ni mtu wa kugonga muhuri kwenye barua. Majira ya kuwapima vijana kabla hawajahesabiwa wanaume huitwa mihna, na wewe papo hapo unausikia mtihani. Mtihani wa akili kwao ni aql. Askari wa kujitoa mhanga ni Fedaykin, mzizi ule ule wa fidia. Dua ikimalizika, badala ya amina, husema "bi-la kaifa", na hiyo "bila" tunaitumia kila siku tukinunua chai bila sukari. Hata jina la shujaa mwenyewe, Muad'Dib, ambalo kwao ni panya mdogo wa jangwani, kwa Mwarabu ni mwenye kufunza adabu. Kwa hiyo kila watu walipoliimba jina hilo kwa maelfu, mimi nilimwona ustadhi wa chuoni kwetu, na bakora yake.

Sasa maji.

Msingi wa sheria yote ya Wafremen wa jangwa la ndani, wale wanaokaa katika mapango yanayoitwa sietch, ni huu: nyama ya mtu ni yake, maji yake ni ya jamaa. Mtu akifa, mwili hukamuliwa maji yote na maji hayo huingia katika hazina ya wote. Mchana huvaa vazi linalokusanya jasho na kila unyevu wa mwili, likausafisha na kumrudishia mwenyewe kwa mrija. Vazi likiwa zuri na mvaaji akijua kulivaa, kwa siku nzima hapotezi zaidi ya maji ya kujaza kastabini moja. Kijana Paul Atreides, huyo atakayekuja kuitwa Muad'Dib, mgeni kutoka sayari ya maji mengi, mara ya kwanza alipolivaa alifunga viatu vyake vifundoni sawasawa kama mwenyeji, bila kufunzwa, na mtu aliyekuja kukagua mavazi akashtuka. Naipenda sana sehemu hiyo. Sehemu kubwa ya unabii wa kitabu kizima inaning'inia kwenye viatu vilivyofungwa vizuri.

Lakini sheria ni jambo moja na tabia ni jingine, na tabia ya watu wa sietch utaiona kwenye msiba wa Jamis. Jamis ni mtu wa hamaki, hakubali kwamba mvulana mgeni na mamake wapokewe kwa sababu tu kiongozi Stilgar ameamua. Anadai pambano, Paul anamuua. Ni mara ya kwanza kwa kijana huyo kuua mtu kwa kisu. Usiku wanakaa duara, vitu vya marehemu vimekusanywa katikati, na mmoja mmoja husimama, akasema alikuwa rafiki wa Jamis, akataja jambo moja alilotendewa na Jamis, kisha akachukua kitu kimoja. Muuaji naye hangojewi atoke nje. Anangojewa asimame. Na Paul anasimama, anasema alikuwa rafiki wa Jamis, anachukua ala yake ya muziki, na machozi yanamtoka.

Pale pale minong'ono inazuka pangoni. Anampa maiti maji! Watu wanamgusa shavu kwa vidole kuhakikisha kwamba ni machozi kweli. Nimehudhuria matanga mengi pwani, nimesikia wanaume wakikanywa wasilie na wanawake wakikanywa wasipige mayowe, lakini sijaona mahali pengine ambapo chozi linahesabiwa kuwa sadaka. Baadaye wanampimia Paul maji ya Jamis, lita 33 na vijipande vyake, wakampa pete za chuma za kuhesabia. Yeye, kwa ugeni wake, anamwomba binti aitwaye Chani amshikie zile pete, asijue kwamba kwa watu wale jambo hilo linaingia kwenye mambo ya posa.

Na bado hajamaliza kulipa. Akifika sietch anaambiwa kwamba mjane wa Jamis, Harah, na watoto wawili wa kiume sasa ni wake kwa mwaka mmoja: amchukue mke au amchukue mtumishi. Hakuna miezi 4 na siku 10 za eda, hakuna wazee wa kuulizwa. Paul anasema mtumishi, na hapo ndipo Harah anapokuwa mtu halisi machoni mwangu. Hasemi asante. Anakasirika! Anataka kujua kama anaonekana mzee, na anakumbusha kwamba watu wote husema yeye bado kijana vile vile tangu enzi za mumewe wa kwanza, ambaye Jamis naye alimuua kwenye pambano. Kisha anamtangulia njiani kumwonyesha nyumba, kiburi kikiwa juu, kama mama yeyote wa mtaani kwetu aliyekosewa heshima na mtoto wa juzi. Desturi ile inatisha. Lakini anayeibeba ni mwanamke mwenye ulimi na mwenye kioo.

Katika sietch hiyo hiyo Jessica, mamake Paul, anaonyeshwa bwawa chini ya mwamba: dekalita milioni 38 na zaidi, zimekusanywa kwa vizazi. Na anaambiwa kwamba wamo watu wenye shida ya maji kati yao, na hata wakifika ukingoni pale hawataligusa. Kwa nini? Kwa sababu mtu mmoja aitwaye Pardot Kynes, mwanasayansi wa dola, aliwaahidi baba zao kwamba maji yale yakitunzwa, jangwa litakuwa kijani baada ya miaka kati ya 300 na 500. Wakakubali. Kabla ya kukubali walikuwa wameamua auawe, na mtu aitwaye Uliet alipotumwa na kisu, Kynes, akili yake ikiwa kwenye miti na matuta, alimwambia tu apishe njia. Uliet akapisha, akapiga hatua tatu, akajiangukia kisu chake mwenyewe. Waliobaki wakaona hiyo ni ishara. Mimi niliona kitu kingine. Watu waliozoea kupimiwa kila tone walikuwa hawajapata kukutana na mtu aliyeyazungumza maji kama kitu kisichokuwa na mwisho.

Basi hao ndio watu wa mbali na maji. Sasa tuje mjini.

Arrakeen, mji mkuu, una Wafremen pia, ingawa mabwana wao huwaona kama watumishi tu. Mmojawao ni Mapes, mtunza nyumba, mwenye cheo cha Shadout, yaani mchota maji kisimani. Tunapokutana naye mara ya kwanza ameficha kifuani kisu cha jino la mnyoo wa mchanga, lile dude kubwa la chini ya jangwa, amekuja kumpima Jessica, na akijibiwa vibaya atamuua. Jessica anajibu vizuri kwa bahati na kwa ujanja, na kwa kuwa kisu kile kikichomolewa lazima kionje damu, anamchanja Mapes kifuani kidogo. Damu inaganda papo hapo. Miili yao imejifunza kutotoa maji bure.

Lakini Mapes huyo huyo, mwenye kisu na unabii, ana biashara ndogo. Katika jumba lile ilikuwepo desturi: wageni wakiingia kula, wananawa kwenye beseni mlangoni, wanamwaga maji sakafuni kwa makusudi, wanajifuta kwa taulo na kuzitupa kwenye lile dimbwi. Baada ya karamu maskini hukusanyika nje, na maji yaliyokamuliwa kwenye taulo hupewa wao. Mtawala mpya Leto, babake Paul, anaposikia anaghadhibika, anaamuru beseni ziondolewe na kila atakayekuja mlangoni apewe kikombe cha maji. Halafu anauona uso wa mtunza nyumba na anaelewa: alikuwa amekusudia kuyauza.

Wasomaji wengi huipita sehemu hiyo mbio kwa kuwa inatangulia karamu yenye maneno makali. Mimi niliishia hapo nikafunga kitabu. Mombasa tunakaa kisiwani, bahari pande zote, na maji ya kunywa yananunuliwa kwa mkokoteni, mtungi wa lita 20 baada ya mtungi wa lita 20. Nyumba yetu ilikuwa na ngazi za mawe, nyembamba, na mchukuzi aliyepandisha mitungi alikuwa na desturi ya kumimina ya mwisho kwa uangalifu mno, kisha kubaki na kopo moja chini. Bibi alijua. Sisi tulimwona akijua. Siku moja ndugu yangu mdogo akapiga kelele, "Bibi, anabakisha!" na bibi akamnyamazisha kwa jicho. Kopo lile lilikuwa sehemu ya bei. Kwa hiyo sikumlaumu Mapes. Mwanamke wa sietch hawezi hata kuota kuuza maji, kwa sababu kule maji ni ya jamaa. Mwanamke yule yule, akishushwa mjini ambako maji ni ya bwana, akayaona yakimwagwa sakafuni kama mchezo, anajifunza bei kwa wiki moja. Sokoni huko Arrakeen wauza maji hupita wakiita "Soo-soo-sook!", na msikilize vizuri, utalisikia soko.

Mbele ya jumba hilo kulikuwa na mitende 20. Daktari Yueh anampigia Jessica hesabu: mtende mmoja hunywa lita 40 kwa siku, mtu anatosheka na 8, kwa hiyo mtende ni watu 5 na mstari mzima ni watu 100. Wapita njia wa mjini waliitazama mitende ile kwa jicho ambalo Yueh alilijua vyema. Wengine kwa chuki, wengine kwa tamaa. Watu wa sietch, nafikiri, wasingeitazama hivyo. Wangeihesabu tu.

Wako wengine wa katikati, wanaokaa mabondeni na vijijini pembezoni mwa miamba, na wasafirisha magendo ambao hukaa na kila mtu na kumwamini hakuna. Hao kitabu hakikai nao sana na mimi sitakaa nao.

Kuna jambo moja ambalo Herbert, kwa maoni yangu, hakulipata. Wafremen wake ni watu wa maneno machache. Inaeleweka, ukifungua mdomo unapoteza unyevu, na mchangani hata hatua zao zinavunjwa mdundo ili mnyoo asisikie. Lakini Chalbi nilikuta kinyume. Maji haba, maneno tele! Mgabra, mwenyeji wa huko, akifika kutoka mbali haanzi kwa kuomba maji. Anaanza kwa nagaya, amani, na amani hiyo inaulizwa juu ya watu, ng'ombe, ngamia, mbuzi, mvua na njia, na inajibiwa yote, wakati ulimi umemkauka kinywani. Baadaye nilielewa. Mtu aliyetoka upande wa pili wa jangwa amebeba habari za malisho na visima, na habari hizo ndizo zitakazoamua mifugo ya nani itapona mwezi ujao. Kumkatiza ni sawa na kumwaga mtungi. Chai ikija, ina maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, kwa sababu vyombo vya maziwa husafishwa kwa kaa la moto na si kwa maji, na sukari ni nyingi kiasi cha kuumiza jino.

Na wao kwa wao hawakuwa kitu kimoja. Wagabra wana mafungu 5: Alganna, Gaara, Galbo, Odhola na Sharbana, na kila fungu lina kijiji chake cha ibada, yaa, kinachohama nalo. Walimu wenzangu wenyeji walitaniana kwa mafungu hayo mchana kutwa. Huyu atakwambia wale hawana haraka hata nyumba ikiungua, na wale watakwambia hawa wana mdomo kuliko mifugo. Mgeni kama mimi hakuona tofauti yoyote. Nilipomwuliza mmoja atajuaje mtu ni wa fungu gani kama hajui ukoo wake, akasema, "Mwalimu, wewe unajuaje huyu ni Mwamu na huyu ni Mvita?" Nikanyamaza.

Ndipo nifike kwenye filamu ya 2024, ambayo niliitazama Mombasa, miaka mingi baada ya kurudi. Villeneuve amewagawa Wafremen mafungu mawili: wa kaskazini, wenye shaka, na wa kusini, washika dini, wanaomngojea Lisan al-Gaib, nabii atakayetoka nje, kwa machozi. Katika kitabu mgawanyiko huo haupo. Kusini ni mafichoni, ndiko wanakopelekwa wanawake na watoto na ndiko miti inakopandwa, mbali na macho ya dola. Hata Chani wa kitabuni ni mcha Mungu. Wa filamu ndiye mwenye shaka kuliko wote.

Nusu yangu ilifurahi. Hatimaye Wafremen wana ubishi wa nyumbani! Riwayani unabii uliopandikizwa na wanawake wa nje, karne nyingi kabla, unapokewa na karibu kila mtu kama mvua. Filamuni kuna vijana wanaokejeli na wazee wanaokejeliwa, na Stilgar, mtu wa kusini, anaona ishara hata pale Paul anapokana kuwa yeye ndiye, mpaka ukumbi mzima ukacheka. Nusu nyingine ilikunja uso. Imani imegawiwa kwa dira, kama vile ukivuka mstari fulani wa ardhi akili inabaki upande wa pili. Sisi tumelelewa na maneno hayo. Mpwani mvivu, mtu wa kaskazini mkali, wa bara mjanja. Katika nyumba yetu moja, chumba kimoja, bibi alikuwa na tasbihi na mjomba alikuwa na redio, na kila alfajiri walibishana juu ya jambo lile lile. Dira ingewagawaje hao?

Kitu kimoja filamu zimekipata sawasawa ni mate. Katika ile ya 2021 Stilgar anaingia kwa mtawala Leto, anamkazia macho, kisha anatema mate mezani. Walinzi wanashika silaha. Duncan Idaho, askari wa Leto, anawazuia na kumshukuru mgeni kwa zawadi ya maji ya mwili wake. Nimesoma maoni ya watazamaji wa Ulaya walioona hilo ni jambo geni lisilo mfano. Mzee wa Kimaasai hutema mate kumbariki mtoto. Bibi yangu akimaliza kutusomea dua alituvuta karibu, akatutemea utosini vijitone vyepesi, na tukaenda shule na utosi umelowa kidogo. Hakuna aliyeshika silaha.

Herbert aliendelea kuandika, na katika kitabu cha 1981, God Emperor of Dune, maelfu ya miaka imepita, Arrakis imekuwa kijani, na wamebaki watu wanaoitwa Wafremen wa makumbusho. Wanavaa mavazi, wanakariri desturi ambazo maana imewatoka, wanaonyesha watalii visu. Mwandishi anawadharau waziwazi, na hapo mimi na yeye tunaachana. Fukwe za Mombasa zimejaa vijana wenye shuka nyekundu na shanga, wanaoruka jioni hotelini na kujibu wanapoitwa Wamaasai, na wengi wao ni Wasamburu. Nilipotoka Marsabit na kuwaamkia kwa maneno machache ya huko niliyookota, mmoja aliniuliza nimetoka wapi, na tukakaa kwenye mchanga tukazungumza juu ya ukame wa 2011 kwa saa nzima. Alijua bei ya mbuzi kwao ilipofika chini kabisa. Alijua kisima kipi kilikauka kwanza. Baadaye akainuka, akafunga shuka, akaenda kuruka.

Wa mwisho ni yule ninayempenda kuliko wote, na watu wachache humkumbuka. Yumo katika kitabu cha pili, cha 1969, Dune Messiah. Anaitwa Farok. Ni mkongwe wa vita vya Muad'Dib, sasa anakaa mjini, nyumba yake na bustani yake, na moyo umemgeuka. Anapoulizwa kwa nini alikwenda vitani hajibu kwa dini. Anasema alikuwa amesikia kuna kitu kinaitwa bahari. Hakuamini. Akaenda akapigana sayari baada ya sayari mpaka akafika kwenye moja yenye bahari, akaingia majini, akayanywa, yakawa machungu, yakamfanya augue. Na tangu siku hiyo hakuwa tena mtu yule.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilikwenda nikamhadithia mzee mmoja aliyekuwa akija kukaa kivulini mwa darasa langu kungojea wajukuu. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha taratibu, kama ni kweli maji ya kwetu ni machungu. Nikamwambia ni ya chumvi. Akasema likizo ijayo nimletee.

Nilimletea, chupa moja ya soda, niliyoichota mwenyewe asubuhi pale Ngome ya Yesu, ikapanda nami basi mbili na lori moja. Aliifungua, akainusa, akamimina kidogo kiganjani, akaonja kwa ncha ya ulimi. Hakutema. Akaonja tena. Kisha akaziba chupa na kusema maji haya ni ya ngamia, ngamia anahitaji chumvi, na akaiweka ndani ya shuka yake. Akaniuliza kama ni mengi. Nikamwambia hayana mwisho, hata ukisimama juu ya ngome huoni upande wa pili.

"Na mwenyewe ni nani?" akauliza. Kwao kila kisima kina mwenyewe, na kina mtu anayepanga zamu, leo mifugo ya nani, kesho ya nani.

Nikamwambia hayana mwenyewe.

Alinitazama kwa muda, kama anavyotazamwa mtoto aliyedanganya vibaya, akaipapasa ile chupa chini ya shuka, kisha akarudia kuniuliza, safari hii polepole zaidi, zamu anapanga nani.